Daftari la Shinuna

Kitabu cha kwanza, ukurasa wa tisa:
Shinuna binti Zahran, karani wa forodha, Mutrah,
anaandika kwa mkono wa kushoto
na wino unampaka kiganja.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimwamini.
Wiki nzima nikaandika kwa kushoto
mpaka mwalimu wa Ruwi akanichapa rula.

Kitabu cha tano anatia saini kwa kulia.
Nikanyamaza. Labda ameumia.

Kitabu cha saba, kaka yake Nasor,
aliyechukuliwa na wadi katika kile cha tatu
(kurasa nne za mafuriko, kiatu kimoja
kimenasa kwenye mtende, nililia mpaka nikatapika),
anaingia harusini Seeb na kanzu iliyonyooka pasi,
anamaliza sahani mbili za biriani
na kuuliza kama pilipili ipo.

Hapo ndipo nilipofungua daftari.

Macho: ya kahawia. Ya kijivu. Ya kahawia.
Umri: thelathini na moja kwa vitabu sita,
kisha arubaini, kisha thelathini na minane.
Nyumba: ngazi ishirini na mbili. Baadaye haina ghorofa.
Kahawa: chungu. Chungu. Chungu. Sukari vijiko vitatu.

Mwandishi ni ami yangu Mbarouk, anakaa Khodh,
anachapa kwa vidole viwili na kujisomea kwa sauti.
Nilipostaafu famasi akanipa kazi ya kusahihisha:
"Wewe una jicho la kuhesabu vidonge."
Nikampelekea daftari mwezi wa saba,
usukani wa gari haushikiki kwa joto.
Akalipekua kama bili ya umeme.
"Nasor nilimhitaji," akasema. "Harusi gani haina kaka?"

Haya, macho yasamehewe. Ngazi zivunjwe.
Lakini ami, kitabu cha kumi na mbili!
Shinuna, yule aliyerudisha bahasha ya rial mia tano
mwanawe ana homa na dawa haijanunuliwa,
anampiga kofi mtumishi kwa kikombe kilichopasuka,
na sura inaendelea, wageni wanakaribishwa,
hakuna anayeshtuka.
Hata wewe hukushtuka.

"Watu hubadilika, Ghaniya."

Hubadilika. Basi nionyeshe siku.
Nipe aya moja tu, amefunga mlango,
amekaa ukingoni mwa kitanda
na kitu ndani yake kinahama.
Wewe umembadilisha gizani, baina ya jalada na jalada,
kama anayehamisha fanicha
mwenye nyumba yuko Hija.

Kiyoyozi kikadondosha maji kwenye ndoo.
Tone, tone. Halafu ami:
"Na kitambulisho chako? Kinasema Januari mosi.
Mama yako alikuzaa karafuu zinaanikwa.
Ulifika hapa ubani unakupa kichwa,
leo nakujua ungali getini, kwa harufu.
Hiyo ilikuwa sura ya ngapi?"

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.
Kila taa nyekundu nikaufunua mwaka,
nikautafuta ule ukurasa,
nilipoacha kuwa yule, nikawa huyu.
Nimeupata mmoja tu
na sitausoma mbele ya mtu.

Sasa kile cha kumi na nne kiko mezani,
karatasi zimefungwa na mpira wa famasi.
Ukurasa wa mia na sita, usiku, Shinuna peke yake.
*Akanyoosha mkono wa kushoto akazima taa.*
Kwa vitabu tisa hakuwa na mkono huo.
Ami amesahau kwamba alisahau,
au amekumbuka, na hataniambia.
Kalamu nyekundu niliishika juu ya neno hilo
mpaka chai ikaota ngozi.
Nikapita.

Ukurasa unaofuata Nasor anaomba pilipili.
Huyo nimemkata.